Jina Juu ya Kaske

Kulikuwa na miaka nchini Kongo ambapo kuwa wewe mwenyewe kazini ilikuwa amri ya serikali. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilibadilishwa jina ikawa Zaire. Januari 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu akayaweka kando majina yake ya ubatizo, akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakatakiwa kumfuata. Siasa hiyo iliitwa authenticité, yaani uasilia. Mjini Kolwezi, kwenye ukanda wa shaba ambao siku hizo mkoa wake uliitwa Shaba badala ya Katanga, karani aliyeajiriwa kwa jina la Albert na muuguzi aliyeajiriwa kwa jina la Marie-Louise walilazimika kutafuta majina ya mababu na kuyapeleka ofisini. Ule ubwana na ubibi wa Kifaransa ukafutwa. Kila mtu akawa “citoyen” au “citoyenne”, raia.

Mavazi nayo hayakusalimika. Suti na tai za Kizungu zilipigwa marufuku, na mahali pake pakaingia abacost, vazi ambalo jina lake lilifinyangwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya “suti ianguke”. Lilikuwa koti lililofungwa vifungo hadi karibu na koo, lisilohitaji tai. Wakubwa walilipamba kwa kitambaa cha shingoni kilichofanana na kile kilichochungulia mfukoni, na mafundi cherehani walijua kwa kuliangalia tu vazi hilo mvaaji alikuwa wa cheo gani. Wanawake waliamriwa kuvaa kitenge; suruali na nywele za bandia zikawa kosa.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Ukoloni ulikuwa umewafundisha watu kuyaonea haya majina ya bibi zao, na wengi waliyapokea tena kwa furaha ya kweli. Hadi leo Wakongo wengi wanayabeba majina hayo pamoja na yale ya Kikristo yaliyorudi baadaye. Lakini kasoro ilikuwa palepale. Aliyelazimishwa jana kuitwa Albert alilazimishwa leo asiitwe Albert, na mara zote mbili kalamu ilishikwa na mtu mwingine. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, tai zilirudi ofisini.

Siku hizi semina nyingi za kazi, kutoka Nairobi hadi Lubumbashi, zinawahimiza wafanyakazi “wawe wenyewe”. Ushauri huo unasikika kama kitu kipya kilichokuja na intaneti. Kwenye mitaa ya Manika na Dilala, komini mbili zinazounda jiji la Kolwezi, ni swali la zamani, na watu walilijibu kwa namna ambazo bado zina la kutufundisha.

Kabla ya Mobutu kulikuwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kila Mwafrika aliyeandikishwa alipewa matrikule, namba ya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, ikichoka na vibarua waliotoroka au kufa kwa maradhi, kampuni ilianza kuwaweka wafanyakazi kwa mikataba mirefu ya miaka mitatu na kuwaruhusu kuja na wake zao. Waliletwa kutoka Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Posho ilikuwa ya kampuni, ikipimwa kwa idadi ya wake na watoto walioandikwa kwenye faili. Hospitali, shule na uwanja wa mpira vilevile. Mzungu aliyesimamia kambi wafanyakazi walimwita tshanga-tshanga, mchanganyaji, kwa sababu ndiye aliyewachanganya watu wa makabila tofauti kwenye safu moja ya nyumba. Katika mchanganyiko huo ndimo Kiswahili cha Katanga kilimokomaa.

Watu walisema kampuni ni baba na mama, na hawakutania. Mwana wa mfanyakazi alizaliwa kwenye hospitali ya kampuni, akasoma kwenye shule ya kampuni, akaajiriwa na kampuni. Gazeti ambalo kampuni ililianzisha mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi liliitwa Mwana Shaba. Jina zuri, lenye fahari. Ila mtoto ndani ya nyumba ya baba hachagui chakula wala hapingi neno, na wale waliojaribu kupinga walikiona cha moto. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mishahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mmoja wa wasemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi, mtu aliyejua kusoma na kuandika. Askari walifyatua risasi, wakaua makumi ya watu, Mpoyi akiwa miongoni mwao. Kati ya wote waliolala chini siku ile, jina lake ndilo linalotajwa zaidi mpaka leo, na ni haki litajwe, kwani alisimama mbele ya wakubwa akasema kwa kinywa chake.

Jibu lililo la kina kuliko yote lilizaliwa Kolwezi penyewe, na lilianza kwa mtu kukubali kwamba alikuwa amekosea. Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu kilichapishwa Elisabethville, kikazua mabishano ambayo hayajaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipangiwa kazi ya parokia kwenye kambi za migodi za Kolwezi. Huko, kwa maelezo aliyoyatoa baadaye mwenyewe, aligundua kuwa miaka yote ile alikuwa amehubiri kama mkubwa anayesema na wadogo. Akaacha. Akaanza kukaa na wachimbaji na wake zao kama mtu na watu, akiwauliza wanatamani nini maishani, naye akiwaambia anachotamani yeye.

Kutokana na mazungumzo hayo likazaliwa kundi lililojiita Jamaa. Mafundisho yake yalizunguka mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Neno kubwa kuliko yote lilikuwa umuntu, utu kwa Kiswahili cha pwani. Mtu hakuingia peke yake. Mume na mke waliingia pamoja, hatua kwa hatua, na waliokwisha kufundishwa waliitana baba na mama. Hapo inafaa kutulia kidogo. Kampuni ilikuwa imeyatwaa maneno haya mawili, baba na mama, ikajivika. Wafanyakazi waliyachukua tena wakapeana wao kwa wao. Mtu ambaye mchana alikuwa namba kwenye orodha ya zamu, jioni, kwenye nyumba ya matofali ya kambi, alikuwa Baba fulani ambaye wengine walikuja kumsikiliza. Mkewe, ambaye kwenye faili la kampuni alikuwa mdomo mmoja zaidi wa kulishwa posho, alifundisha akiwa kando yake.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuja kufanya utafiti kati yao miaka ya 1966 na 1967. Kitabu chake juu ya Jamaa kilitoka mwaka 1971, na miaka miwili baadaye alichapisha makala ndefu juu ya neno moja tu: kazi. Alitaka kujua wafanyakazi wa migodi wanaposema kazi wanamaanisha nini. Kwao neno hilo halikuishia kwenye mshahara na filimbi ya zamu. Liligusa nyumba, ndoa, kufundishana, kila jambo ambalo mtu analifanya na kwa hilo akawa mtu zaidi. Inafaa kulikumbuka hilo kila tunaposoma makala za nje zinazoeleza tofauti kati ya “mtu wa kazini” na “mtu wa nyumbani” kana kwamba kila mahali duniani mpaka huo ulikuwa wazi. Wachimbaji wa kambi ya Musonoi, Kolwezi, waliukataa mapema, kwa Kiswahili, bila semina.

Kanisa na serikali viliitazama Jamaa kwa wasiwasi, na haikuwa vigumu kuona kwa nini. Watu wanaojua kuulizana “sisi ni nani” hawaongozwi kwa urahisi.

Mfano mwingine una nyuzi sita. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa zamani wa mfalme Msiri, ambao leo uko ndani ya mkoa wa Lualaba. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya sasa. Anayemsikiliza Bosco kwa mara ya kwanza hudhani wapo wapiga gitaa wawili. Ni mkono mmoja: dole gumba linashikilia besi, likitembea taratibu kama mtu aendaye safari ndefu, na kidole cha shahada kinacheza juu kwenye nyuzi nyembamba, kinachelewa kidogo, kinakimbia, kinarudi. Vidole viwili basi. Hakuvifuta alipopata jina; alikwenda navyo Nairobi, alikokuwa na kipindi redioni na kuwaachia wapiga gitaa wa Kenya mtindo walioiga kwa miaka, na mwaka 1969 alivipeleka Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la muziki wa asili. Aliimba kwa Kiswahili cha kwao. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Mwaka huohuo, Septemba, sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, jirani na Kolwezi, iliporomoka. Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi mali za Union Minière baada ya kutaifishwa, ilikuwa imetoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 2003 haikufikisha hata tani 20,000. Mishahara ililala miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, neno ambalo wengi wao hawakuwahi kulikubali. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa ameshawaita kwenye kitabu chake cha mwaka 2001 watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Kilichopotea kilizidi fedha. Fundi umeme wa Gécamines alijijua kwa kazi yake. Alitambulishwa msibani kwa kazi yake. Watafiti waliowahoji wastaafu hao, kama Benjamin Rubbers wa Ubelgiji, walikuta wanaume waliokuwa wakijitafuta upya wakiwa wamekwisha kuwa wababu.

Watoto wao walishika sururu. Wachimbaji wa mikono, bakrezeri kwa lugha ya mtaani, walifurika kwenye mashimo yaliyoachwa. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, Kolwezi, watu walichimba uani na hata ndani ya vyumba. Mbelgiji Jeroen Cuvelier, aliyeishi na wachimbaji karibu na Likasi, aliandika mwaka 2014 kwamba vijana hao hawakufuata fedha peke yake. Walikuwa wakijaribu pia namna mpya ya kuwa mwanamume, tofauti na ile ya baba zao wa kambini, mwenye saa, nyumba safi na daftari la akiba. Lugha ya huko ina neno kwa mtindo huo: kivoyou, Kifaransa cha “mhuni” kilichovishwa kiambishi chetu cha ki-. Kutumia fedha zote leo, kujipa jina la utani, kutomwogopa bosi kwa sababu bosi hayupo.

Inavutia kuusifu uhuru huo, na wapo wanaousifu. Mwandishi huyu hawezi. Uhuru ambao paa lake linaweza kukudondokea saa yoyote ni uhuru wa bei mbaya mno, na mwezi Juni 2019 wachimbaji zaidi ya 30 walifukiwa na udongo kwenye mgodi mmoja wa Kolwezi. Lakini kuudharau pia ni kukosa kuona. Vijana wale walikataa kitu walichokiona kikiwavunja baba zao: kuweka nafsi yote ndani ya mwajiri mmoja.

Leo kampuni kubwa za Uswisi, China na Kanada zimerudisha ajira rasmi, na Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani. Alfajiri mabasi ya kampuni hukusanya watu barabarani. Wote wamevaa ovaroli zenye mistari inayong'aa, viatu vya chuma kidoleni, jile, yaani kizibao, juu, beji shingoni. Kwa mbali hutamtambua nduguyo. Ukisogea, unaanza kuona: juu ya kaske, ile kofia ngumu, mtu ameandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Mwingine ameandika jina la utani. Mwingine jina la binti yake, au mstari wa Zaburi bila maneno, namba tupu za sura na aya. Kampuni imechagua rangi ya kaske kulingana na cheo. Upana wa mkono mmoja uliobaki pale juu mbele, mwenyewe ameuchukua.

Ni jambo dogo, lakini lina jambo kubwa nyuma yake. Wengi wa watu hao hawakuajiriwa na kampuni iliyoandikwa langoni. Ripoti ya mashirika ya RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi, iliyotoka Novemba 2021, ilikuta kwamba katika migodi mitano iliyochunguzwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliletwa na kampuni za kati, zinazotafuta watu na kuwakodisha kwa mgodi. Mikataba ni mifupi, na anayelalamika anajua hataitwa tena. Mwambie mtu wa namna hiyo “uwe wewe mwenyewe kazini” naye atakuuliza, kwa haki kabisa, ni nani atakayemlipia kodi ya nyumba Manika.

Halafu kuna lugha. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, ila mkataba wa kazi huandikwa kwa Kifaransa, na maagizo ya msimamizi Mchina hupita kwa mkalimani. Mtu mwenye miaka 20 ya kusikiliza mwamba, anayejua kwa mlio wa nyundo kama dari limeshika au limeachia, anaweza kueleza jambo hilo kwa Kiswahili hadi ukaogopa. Kwa Kifaransa atasema “kuna shida, bwana mkubwa”, atanyamaza. Ujuzi wake umebaki kooni. Hasara hiyo ni ya wote walio chini ya dari lile.

Hapo ndipo jambo la kuwa mtu kamili kazini linapoacha kuwa la mavazi na majina likawa la uhai. Mwaka 1999 Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti juu ya vikundi 51 vya kazi katika kampuni moja ya viwanda ya Marekani. Vikundi ambamo watu hawakuogopa kukiri kosa au kuuliza swali la kijinga vilijifunza zaidi na kufanya kazi vizuri zaidi. Kabla ya hapo, hospitalini, alikuwa amekuta jambo lililomshangaza: timu zilizofanya kazi vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa sababu watu wake walithubutu kuyataja. Migodini, Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona kwa sababu ya msingi kuwa pana hatari kubwa. Lakini haki hiyo inahitaji mtu mwenye sauti, anayeamini kuwa akisema “mimi siingii hapo” kesho atakuwa bado na kazi. Upekee wa mfanyakazi, macho yake, masikio yake, woga wake wenyewe, ni kifaa cha usalama sawa na kaske.

Kwa wanawake njia ni nyembamba zaidi. Kwenye mashimo mengi ya wachimbaji wa mikono bado inaaminika kwamba mwanamke akishuka madini hukimbia, kwa hiyo kazi yake imekuwa kuosha mawe mtoni, ameinama, maji yenye vumbi la madini hadi magotini, kwa malipo ya chini kuliko wote. Mtawa Mkenya, Sista Catherine Mutindi wa shirika la Bon Pasteur, alifika Kolwezi mwaka 2012 na kuanza na swali linalofanana na lile la Tempels miaka 60 nyuma yake: ninyi mnataka nini? Wanawake walitaka watoto wasome, walitaka kulima, walitaka ushonaji. Mafunzo yakafuata matakwa hayo, na mwaka 2019 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Opus ya Marekani. Ndani ya kampuni kubwa, nako, wapo wanawake wanaoendesha malori yenye magurudumu marefu kuliko wao. Wengine wao huambiwa wanaendesha “kama mwanamume”, na hiyo huhesabiwa kuwa sifa.

Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za zamani za kumbukumbu za kampuni akawakata wale watu ndani yake na kuwasimamisha upya mbele ya magofu ya Gécamines ya leo. Kazi hiyo aliiita Mémoire, mwaka 2006. Wafanyakazi wa enzi ya matrikule wanasimama mbele ya tanuru zilizokufa, wakitutazama. Picha zilipigwa kwa ajili ya faili, na aliyezipiga hakuhitaji kuuliza majina.

Kolwezi ya sasa mkataba wa miezi michache ukiisha, mtu hurudisha stoo alivyopewa: beji, jile, kaske. Wengine, kabla ya kuikabidhi kaske, hutia kidole mate wakajaribu kulifuta jina. Wino ule ni wa kudumu. Hufifia kidogo tu, halafu kofia inapangwa rafuni pamoja na nyingine, ikimngoja wa zamu inayofuata.